Ni bando, ni dishi, au wamefunga? Maswali ya TV na intaneti tunayoulizwa dukani kila siku

Duka letu liko Dar es Salaam. Tunatengeneza TV, tunafunga madishi, tunaweka ruta. Zamani mteja akileta TV iliyogoma tulikuwa tunaangalia vitu vitatu tu: umeme, antena na TV yenyewe. Siku hizi nusu ya TV zinazoletwa hazina ubovu wowote. Tatizo liko njiani, kati ya sebule yako na mahali picha inapotoka, na baadhi ya nyakati njia imefungwa kwa amri. Maswali haya tumeyajibu mara nyingi sana mezani, tukaona tuyaandike.

## Kisanduku na antena

Kisimbuzi na king'amuzi ni vitu viwili tofauti?

Ni kitu kimoja. "King'amuzi" ndilo jina lililoingia mtaani kwanza, "kisimbuzi" likaja kushika kwenye matangazo rasmi. Ukija dukani sema lolote, tutakuelewa. Hata ukisema "deki ya Azam" tutakuelewa, ingawa tutacheka kidogo.

TV yangu ya chogo ilikuwa nzima kabisa, kwa nini ilikufa ghafla mwaka ule?

Haikufa. Kilichozimwa ni mitambo ya analojia. Nchi nyingi zilikubaliana Geneva mwaka 2006 kwamba zihamie dijitali, na mwisho ukawekwa Juni 2015. Tanzania haikusubiri: Dar es Salaam ilizimiwa analojia tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata kwa awamu.

Siku chache baada ya mwaka mpya foleni hapa dukani ilifika barabarani. Mzee mmoja alibeba chogo la inchi 21 begani kutoka kituo cha daladala, akiamini kioo kimeungua. Tulichomeka waya wa king'amuzi nyuma, picha ikatoka safi kuliko alivyowahi kuiona. Akatuuliza, "Sasa hiki kisanduku nani amesema ninunue?" Hatukuwa na jibu la kumridhisha.

Tofauti nyingine ambayo watu waliigundua baadaye ni hii: analojia ikiwa dhaifu ulikuwa unaona chenga, lakini taarifa ya habari unaipata. Dijitali haina chenga. Ikiwa dhaifu, picha inakatika vipande vipande, sauti inakwama, kisha kioo kinakuwa cheusi. Kwa hiyo mteja anayesema "juzi ilikuwa inaonyesha vizuri, leo hakuna kitu" mara nyingi antena imegeuzwa na upepo kidogo tu.

Kwa nini chaneli za bure zinakatika kifurushi kikiisha?

Hili ndilo swali linalotuletea watu wakiwa wamekasirika. Leseni za kurusha matangazo si za aina moja. Kuna waliopewa leseni ya kusambaza chaneli zisizolipiwa, hasa kwa mitambo ya ardhini, na hao hawaruhusiwi kuzikata hata kama hujalipia kitu. Wenye leseni ya huduma za kulipia wana masharti yao. Agosti 2018 ugomvi huu ulifika mbali: mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwaagiza watoa huduma za kulipia waziondoe chaneli za bure kwenye visimbuzi vyao, kwa hoja kwamba leseni zao haziruhusu. Watu waliamka wakakuta ITV na nyingine hazipo. Baadaye masharti yalilegezwa zikarudi.

Ushauri wetu haujabadilika: kama shida yako ni taarifa ya habari na chaneli za ndani, weka antena ya kawaida ya juu ya bati. Haina kifurushi. Na faida yake nyingine utaikuta kwenye swali la mwisho.

Ndugu ametutumia TV kutoka Marekani, itafanya kazi?

Kama kioo, ndiyo. Kama TV ya antena, hapana. Marekani wanatumia mfumo wao wa dijitali, sisi tunatumia DVB-T2, kwa hiyo itatafuta chaneli hadi asubuhi bila kupata hata moja. Utachomeka kisimbuzi kwa waya wa HDMI, basi. Lakini kabla ya yote soma kibandiko cha nyuma: kama kimeandikwa 120V peke yake, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230V utasikia "pah" na utatuletea maiti. Zilizoandikwa 100–240V hazina shida.

## TV inapoanza kutegemea intaneti

TV janja inatofautiana vipi na TV ya kawaida?

Watu hujibu hili kwa kutaja YouTube na Netflix. Ni kweli, lakini tofauti kubwa haionekani kwenye kioo.

TV ya antena inapokea tu. Mnara unarusha mawimbi kwa wote, yako inayadaka kama ndoo inavyokinga mvua. Mnara haujui kama upo, haujui unatazama nini, na hauwezi kukunyima wewe ukampa jirani. TV janja inaomba. Kila ukibonyeza rimoti inatuma ujumbe: mimi fulani, niko hapa, naomba video ile. Ujumbe unapita kwa kampuni yako ya simu au ya faiba, unatoka nje ya nchi au unafika kwenye kompyuta iliyo karibu, majibu yanarudi. Kila kituo njiani kinaweza kusema hapana: kampuni ikikuta bando limeisha, mwenye video akiona haki za mechi hazihusu nchi yako, na serikali ikiwa imetoa amri.

Sisi mafundi tulichelewa kulielewa hili. Tuliuza TV janja kama TV za kawaida zenye nyongeza.

TV yangu ya kawaida inaweza kufanywa janja?

Ikiwa ina tundu la HDMI, ndiyo. Unanunua kisanduku cha Android au kile kijiti kidogo kinachochomekwa nyuma, unaunga na ruta au na simu. Chogo lenye waya za rangi tatu linahitaji kigeuzi, na maandishi yataonekana kama sisimizi. Hatulipendekezi.

Inakula bando kiasi gani?

Netflix wenyewe wanakadiria karibu GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida, hadi GB 3 kwa picha ya HD, na hadi GB 7 kwa 4K. Kwa hesabu hiyo bando la GB 10 kwenye HD ni filamu moja ndefu na nusu ya nyingine. TV haijui kwamba umeunga kwa bando la simu. Itachagua picha kubwa kadiri mtandao unavyoruhusu. Ingia kwenye mipangilio ya programu, shusha ubora mwenyewe. Mteja wetu mmoja alilala YouTube ikijiendesha yenyewe, akaamka bando la mwezi limeisha, akaja kutuambia TV imedukuliwa.

## Mtandao ukifungwa

Serikali inafungaje mtandao? Kuna mtu anakaa na swichi?

Kwa kawaida serikali haifungi yenyewe. Inaziagiza kampuni zenye leseni, nazo hutekeleza kwenye mitambo yao kwa sababu leseni inawabana. Njia ziko nne, kuanzia nyepesi hadi nzito.

Ya kwanza ni kudanganya anwani. Ukiandika jina la tovuti, simu yako inaiuliza kompyuta iitwayo DNS: huyu anakaa wapi? Ni kama kumuuliza mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe akiwa ameagizwa aseme "simjui", wewe unageuka, kumbe nyumba ipo palepale. Njia hii ni rahisi kwao, na dhaifu, kwa sababu unaweza kumuuliza mjumbe wa mtaa mwingine.

Ya pili ni kuzuia nyumba yenyewe, yaani namba ya IP. Ukifika mlangoni unarudishwa. Ubaya wake ni kwamba nyumba moja hukaa wapangaji wengi, kwa hiyo tovuti zisizohusika huumia pia.

Ya tatu ni kukagua bahasha. Mawasiliano mengi siku hizi yamefungwa kwa siri, lakini jina la tovuti unayoiendea mara nyingi bado linaonekana nje ya bahasha. Mtambo unalisoma jina hilo, ukilikuta kwenye orodha unaitupa bahasha. Mtambo huohuo unaweza kuchagua kuichelewesha badala ya kuitupa: video inazunguka duara dakika nzima, unailaumu ruta. Huku kucheleweshwa ndiko kunakotusumbua zaidi dukani, maana hakuna anayetangaza.

Ya nne ni kuzima data yote. Hapo si suala la bahasha tena. Daladala zote zimeondolewa barabarani.

Hapa kwetu imewahi kutokea lini?

Matukio yanayoulizwa sana ni haya. Uchaguzi wa Oktoba 2020: Twitter, WhatsApp na mitandao mingine ilibanwa kuanzia siku moja kabla ya kura. Mei 2025: X, ambayo wengi bado tunaiita Twitter, ilifungwa baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa, baadaye maelezo ya serikali yakawa kwamba jukwaa hilo linaruhusu picha za ngono. Septemba 2025: JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, ilisimamishiwa leseni kwa siku 90. Na 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, data ilizimwa nchi nzima, ikaanza kurudi tarehe 3 Novemba.

Majirani hawako salama zaidi. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021, na kabla ya hapo, kuanzia Julai 2018, ilitoza shilingi 200 za kwao kwa siku kwa anayetaka kutumia mitandao ya kijamii. Kongo ya Kinshasa ilizima intaneti karibu siku 20 baada ya uchaguzi wa mwishoni mwa 2018. Kenya iliibana Telegram wakati wa mitihani ya kidato cha nne mwaka 2023, kwa sababu ya uvujaji wa mitihani.

Nitajuaje kama ni serikali, ni bando, au ni waya wa baharini?

Angalia kilichokufa na kilicho hai.

Ikiwa kila kitu kimekufa kwako lakini jirani mwenye laini ileile anaendelea, ni bando au simu yako. Ikiwa programu moja tu imegoma kwa watu wa kampuni zote za simu, na nyingine zinapaa, hiyo ni alama ya kufungiwa. Ikiwa vyote vinafunguka ila taratibu, tovuti za nje zaidi kuliko za ndani, fikiria waya wa baharini: tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili kubwa za mwambao huu, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku ile nusu ya mtaa waliapa kwamba "wamefunga". Hawakuwa wamefunga. Na ikiwa data yote imekufa kwa makampuni yote huku simu za kawaida zinapigika, huhitaji fundi kukueleza.

Kuna sababu ya nne ambayo hakuna anayeikumbuka: saa. Novemba 2025 mama mmoja alituletea kisanduku cha Android. Mtandao umesharudi, simu yake inafungua kila kitu, lakini kisanduku kinakataa YouTube, kinakataa Netflix, kinakataa hata duka la programu. "Wamenifungia mimi peke yangu," alisema, na hakuwa anatania. Tulifungua mipangilio tukakuta tarehe 1 Januari 1970. Umeme ulikatika, kisanduku kikapoteza saa, na mtoto alikuwa ameshazima ile sehemu ya kuchukua saa mtandaoni. Programu hizi hukagua vyeti vya usalama kwa tarehe. Tarehe ikiwa ya miaka hamsini nyuma, kila cheti kinaonekana cha uongo. Tuliwasha saa ya mtandao, kazi ya sekunde kumi. Hatukumtoza.

Mbona simu ya jirani inafungua na yangu haifungui?

Jirani anatumia VPN. Hii hufunga bahasha yako ndani ya bahasha nyingine yenye anwani ya nchi ya nje, kwa hiyo mkaguzi wa njia ya tatu haoni jina la ndani. Data ikizimwa kabisa haisaidii chochote: bahasha hata ikifungwa mara kumi, haina daladala ya kuipeleka.

Kutumia VPN ni kosa?

Kwa Tanzania, usichukulie kirahisi. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zinakataza kutumia au kusambaza teknolojia inayomwezesha mtu kufikia maudhui yaliyozuiwa, na adhabu iliyoandikwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote. Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba wanaotumia VPN wajiandikishe kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Benki na makampuni yanayounganisha ofisi zake yana sababu ya wazi ya kuitumia. Mtu anayetaka tu kusoma X anasimama mahali pabaya zaidi kisheria. Sisi dukani hatuwekei mteja VPN, na sababu ni hiyo faini.

Usalama wake ni jambo lingine. VPN ya bure ina gharama zake na lazima mtu azilipe. Mara nyingi zinalipwa kwa kuuza taarifa zako. Umemkwepa mkaguzi mmoja ukamkaribisha mwingine usiyemjua hata nchi yake.

Kwa hiyo kisimbuzi hakiwezi kufungwa?

Kinaweza, ila kwa njia nyingine: anazimwa anayerusha, si anayetazama. Tarehe 30 Januari 2018 serikali ya Kenya ilizima mitambo ya Citizen, NTV na KTN kwa sababu zilionyesha moja kwa moja Raila Odinga akijiapisha Uhuru Park. Mahakama iliamuru zirudishwe, zikaendelea kuwa nje kwa siku kadhaa. Watu walifanya nini? Walihamia kwenye simu, wakatazama chaneli zilezile zikirusha kupitia YouTube na Facebook. Juni 2025, kulekule Kenya, ikatoka amri ya kutorusha maandamano moja kwa moja, na mitambo ya baadhi ya vituo ikazimwa hadi Mahakama Kuu iliposimamisha amri hiyo.

Mwaka 2018, kule Kenya, TV ilizimwa, intaneti ikawaokoa. Oktoba 2025 kwetu ikawa kinyume: intaneti ilizimwa, TV za antena zikabaki hewani na kile zilichoruhusiwa kuonyesha. Mwenye kimoja tu aliona nusu, na wengine hata nusu hawakuiona.

## Maswali ya pembeni

Starlink haifungwi, si inatoka angani?

Hii ni intaneti ya satelaiti: dishi linatazama angani, lakini biashara iko ardhini. Kampuni inahitaji leseni ya kila nchi. Rwanda ilianza Februari 2023, Kenya Julai 2023. Yenye leseni hufuata amri za aliyeitoa. Na kwa kuwa dishi linajua lilipo, kampuni inaweza kulizima likiwa nchi isiyo na leseni. Kabla hujamtuma mtu akuletee moja kwenye begi, soma pia sheria ya vifaa vya mawasiliano kuingia nchini.

Dada yuko Dubai, mbona WhatsApp yake inatuma meseji lakini haipigi?

Kule simu za sauti na video za WhatsApp zimezuiwa. Wanaruhusu programu zilizoidhinishwa, kama BOTIM. Meseji na ujumbe wa sauti hupita. Usimshauri VPN ukiwa umekaa Kariakoo: sheria yao ya 2021 inatoza faini kuanzia dirhamu 500,000 kwa anayeitumia kutenda kosa au kulificha. Mwambie aweke BOTIM, nawe uiweke.

Nimenunua boksi lenye "chaneli elfu moja", limegoma baada ya miezi miwili. Ni serikali?

Kuna uwezekano mkubwa si serikali. Boksi hizo huiba matangazo ya wenye haki, na aliyekuuzia hana mamlaka yoyote juu ya seva inayozirusha. Wenye haki wakiigundua seva inakufa, na "usajili wako wa maisha" unakufa nayo. Nchi nyingine mahakama nazo huingilia: Kenya mwaka 2022 watoa huduma za intaneti waliamriwa kuzifungia tovuti nyingi zinazorusha mpira bila haki. Njia ni zilezile za hapo juu za kufungia tovuti, safari hii kwa ombi la kampuni.

TV yangu inajua ninachotazama?

Ya antena, hapana. TV janja nyingi, ndiyo: baadhi hupiga picha ndogondogo za kinachoonekana kwenye kioo na kutuma kwa mtengenezaji, hata kama unatazama kutoka kwenye fleshi. Siku ya kwanza ulibonyeza "nakubali" haraka ili uone mpira. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, uzime.

Mtandao ukizimwa tena, nitatazama nini?

Antena ya bati itaendelea na chaneli za ndani. Hiyo ndiyo faida tuliyoiahidi juu. Redio pia. Filamu ulizopakua ndani ya Netflix zitacheza kwenye simu kwa muda fulani kabla ya kutaka kuhakikishwa mtandaoni, kwa hiyo usizitegemee wiki nzima.

Na kuna wale vijana wa kurusha muvi kwenye fleshi, wenye kompyuta moja, meza moja na spika mlangoni. Tulidhani YouTube imewamaliza. Wiki ile ya Oktoba na Novemba 2025, waliothubutu kufungua walikuwa na wateja kuliko duka la dawa. Sisi wenyewe tulijaza fleshi mbili za GB 32: moja muvi za kutafsiriwa, nyingine katuni za watoto. Ukileta yako hakikisha TV inaisoma; TV nyingi za zamani hazisomi fleshi iliyofomatiwa NTFS, zinataka FAT32 (ni aina mbili za kupanga mafaili ndani ya fleshi). Tunabadilisha bure, ila hamisha picha zako za harusi kwanza, maana kufomati kunafuta kila kitu.